Njia ya Inka hadi Machu Picchu: kibali kwanza, ndege baadaye

Njia ya Inka ya siku nne, kutoka Km 82, kituo kwenye reli, hadi Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka nchini Peru, ina urefu wa kilomita zipatazo 43. Wengi wanaoharibikiwa hapa hawaangushwi na miguu. Huangushwa na mpangilio: tiketi ya ndege wamekata mapema, kibali wamekitafuta baadaye, na siku za kuzoea hewa nyembamba wamezikumbuka kichwa kikishauma.

Hatua ya 1: Pata kibali

Watu 500 tu huruhusiwa kuanza njia kila siku, na hesabu hiyo inajumuisha waongozaji, wapishi na wapagazi. Wageni hubakiwa na nafasi kama 200. Kwenda peke yako hairuhusiwi. Lazima upitie kampuni yenye leseni. Ukitaka Mei hadi Agosti, miezi ya ukavu, weka nafasi angalau miezi sita kabla. Februari iache kabisa, kwa kuwa njia hufungwa mwezi mzima.

Kibali hubeba jina na namba yako ya pasipoti, na hakihamishiki kwa mtu mwingine. Ukipata pasipoti mpya baada ya kuweka nafasi, iarifu kampuni mara moja, na siku ya safari beba zote mbili. Kwenye ukaguzi wanataka pasipoti yenyewe, si nakala wala picha ya simu.

Kabla ya kulipa, uliza mpagazi hubeba kilo ngapi, hula nini na hulala wapi. Sheria ya Peru imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mwanamume. Kampuni inayokwepa swali hili iache, hata kama bei yake inavutia.

Hatua ya 2: Lala chini kabla ya kulala juu

Anayepanda Kilimanjaro kwa Marangu hulala Mandara kwanza, ndipo afike Horombo, mita 3,720. Mwili hupewa nafasi ya kuzoea. Cusco, mji unaoanzia safari hii, ni tofauti: ndege inakushusha moja kwa moja kwenye mita 3,400, na jioni hiyohiyo kichwa kinagonga. Wenyeji huuita ugonjwa huu soroche.

Ukitoka uwanjani, teremka hadi Urubamba au Ollantaytambo, yenye mita 2,800 hivi. Lala huko siku mbili, kisha rudi Cusco kwa siku mbili nyingine. Siku ya kwanza kula kidogo, usinywe pombe, na tembea polepole. Chai ya majani ya koka ni halali Peru na hutuliza, lakini usirudi nyumbani na majani hayo, maana nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya. Dawa ya asetazolamaidi husaidia. Muulize daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa tu ni hatari: mtu huyo ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 3: Zitumie siku za kuzoea

Usizipoteze hotelini. Nenda Chinchero ukaone wafumaji wakichemsha sufi kwa kochinili, mdudu wa kwenye mpungate atoaye rangi nyekundu. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono utakitambua kwenye kingo: zote nne zimefungwa na ufumaji wenyewe, hakuna iliyokatwa wala kushonwa. Geuza upande wa pili. Mara nyingi utaona nakshi ileile, rangi zikiwa zimebadilishana nafasi.

Mlango wenye mfuko mwekundu juu ya mti mrefu unauza chicha, pombe ya mahindi. Ukipewa bilauri, mwaga matone machache ardhini kwa ajili ya Pachamama, Mama Ardhi, kabla ya kunywa. Anayejua tambiko hahitaji maelezo zaidi. Msalimie mtu kwa "Allillanchu" kabla ya kuinua kamera, na umwombe ruhusa.

Hatua ya 4: Njiani

Siku ya kwanza ni nyepesi. Ya pili inapanda hadi Warmiwañusqa, kipito cha mlimani, mita 4,215. Huko panda kwa hatua fupi, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza; ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha mwendo. Beba maji lita mbili, koti la mvua na nguo ya joto juu kabisa ya begi, kwa kuwa jasho hupoa ghafla ukifika kileleni.

Siku ya tatu ndiyo huumiza magoti: ngazi za mawe zinateremka kwa saa nyingi. Chukua fimbo mbili zenye ncha za mpira, kwani chuma huchimba mawe ya Wainka. Fika Wiñay Wayna, magofu ya Wainka, mapema uketi kwenye matuta yake. Mahali hapa panastahili muda mwingi kuliko mbio za alfajiri za kuelekea Inti Punku, Lango la Jua linalotazama Machu Picchu, ambako mara nyingi ukungu huficha kila kitu hadi jua lipande.

Machu Picchu, begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20 haliingii. Liache kwenye stoo ya mizigo langoni. Ndani hakuna choo, kwa hiyo jisaidie kabla ya kuonyesha tiketi.