Talaka na mali ya ndoa Mtwara na Lindi: anzia barazani, korti baadaye

Ukienda moja kwa moja mahakamani kudai talaka, iwe Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa, utarudishwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, yaani baraza la kata au baraza la jumuiya ya dini yenu, kama BAKWATA kwa Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, Fomu Na. 3. Siku unayofungua shauri, hati hiyo isiwe imezidi miezi 6.

Karatasi hiyo ndiyo inayoua kesi nyingi. Barua ya sheikh au ya mtendaji inayosema "wameshindwana, tunawaleta kwenu" haitoshi. Kabla hujaondoka barazani, isome: majina yenu wote wawili, tarehe, mhuri, sahihi ya mwenyekiti, na maneno ya wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Kasoro inaweza kupita kimya mahakama ya chini, ikaibuliwa kwenye rufaa, na mwenendo mzima ukafutwa wakati nyumba imeshagawanywa.

Mwenzako akikataa kuja, omba baraza liandike kila wito, tarehe yake na aliyeupokea. Aliyeitwa akakaidi kwa makusudi hawezi kukuzuia kwenda mahakamani. Vivyo hivyo aliyekutelekeza na hujui aliko. Ndoa isiyotimiza miaka 2 ina sharti lake: unaomba kwanza kibali cha mahakama.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, mpangilio wa matukio una uzito. Sheria inatambua talaka iliyotolewa baada ya baraza kutoa hati. Hapo mahakama itaona ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Talaka iliyotamkwa uani, au kutumwa kwa simu kabla ya baraza, haikuondolei safari ya barazani. Wanawake wengi huondoka na begi la nguo wakiamini neno la mume limemaliza kila kitu, mali ikiwemo. Halijamaliza.

Shauri unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa wengi Mwanzo inatosha: iko karibu, na nauli ya mashahidi ni ndogo. Beba hati ya baraza, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na orodha ya mali. Cheti cha ndoa hakipo? Kutosajiliwa peke yake hakubatilishi ndoa. Tafuta walioshuhudia ikifungwa. Na mlioishi pamoja miaka 2 au zaidi mkijulikana kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwenye mali, huku kwetu ugomvi mkubwa ni mikorosho. Shamba alilokuja nalo mmoja, au alilorithi kwao, kwa kawaida ni lake. Lakini likiwa limeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, kwa jasho la mwenzake au la wote wawili, linaingia kwenye hesabu ya mgawanyo. Kwa hiyo usiseme tu "tulilima pamoja". Taja miche mliyopanda na mwaka wake, palizi, salfa mliyopuliza, nani aliokota. Leta stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha msingi mnakouzia korosho) na taarifa ya benki yalikoingia malipo, pamoja na jirani wa shamba atakayesimama shahidi. Kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed. Anza kukusanya makaratasi kabla ya minada ya korosho, maana fedha ikishatoka benki kuithibitisha ni kazi.

Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inadhani ni vyema akae na mama, ila baba anaweza kuthibitisha kinyume. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, na afisa ustawi wa jamii anaweza kutakiwa kutoa taarifa. Matunzo yaombe kwa tarakimu: ada, chakula, matibabu, kila mwezi shilingi ngapi.

Msaada wa bure upo. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Watakuandalia makaratasi na kukueleza hatua, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako, wala kukutoza. Anayekuomba "hela ya faili" mwache. Kama kuna kipigo, pita kwanza Dawati la Jinsia na Watoto polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe. Nakala yake ihifadhi kwa ajili ya shauri.

Hukumu ikitoka, omba nakala siku hiyo hiyo. Muda wa kukata rufaa ni siku 45.