Wikendi ya mvua na baridi Kaskazini

Kwa walioko Arusha, Moshi na Lushoto msimu huu wa masika: kabla hujapanga safari ya Jumamosi, pitia utabiri wa siku tano wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na usiishie kwenye kile kipicha cha wingu kwenye simu. Angalia rangi ya mkoa wako. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wakiandika "mvua kubwa", wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, kiasi cha kujaza makorongo yanayoshuka kutoka milimani hata kama kwako kumenyesha manyunyu tu. Ukikuta maji yanakatisha barabara, subiri yapungue. Bodaboda akisema "tunapita tu", shuka.

Nguo fua Ijumaa asubuhi, maana jua la Jumapili si la kutegemea.

La muhimu kuliko yote: usilale na jiko la mkaa chumbani eti kupasha joto. Moshi usipoonekana haina maana uko salama, ile hewa yake haina rangi wala harufu, na inaua. Vaa sweta, ongeza blanketi.