Somo: Kurefusha tezi za katamarani iliyotumika

Katamarani ya kusafiria, yaani boti yenye bodi mbili zilizounganishwa, iliyopita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne huwa imezama nyuma kupita alama yake ya maji, kwa kuwa kila mmoja aliongeza lake huko tezini, yaani nyuma: betri, jenereta, kihori cha mpira na vyuma vya kukining'inizia. Kibao cha tezi, kinachofunga bodi kwa nyuma, kikishazama huburuta maji, na boti hukokota hata upepo ukiwa mzuri. Dawa mojawapo ni kurefusha bodi zote mbili kwa nyuma. Somo hili linahusu boti ya faibaglasi ya mita 11 hivi, inayoongezwa mita moja kila bodi.

Anza na hesabu kabla ya kushika grenda. Tuseme sehemu ya nyongeza itakayokaa majini ina urefu wa mita 1, upana wa wastani wa sentimita 60 na kina cha wastani cha sentimita 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.09, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, nyongeza hiyo itabeba kilo 92. Ukiijenga kwa kilo 40, umepata faida ya kilo 52 kila bodi. Ukiijenga kwa kilo 90, umefanya kazi ya miezi bure.

Hatua ya pili ni kuipandisha boti nchi kavu na kuipima. Usiiamini sakafu ya ndani. Tumia pimamaji ya mpira wenye maji, upime alama zilezile kwenye bodi zote mbili, kisha upime mishazari. Niliwahi kuharakisha hapa, gogo moja lililoibeba boti likatitia mchangani usiku, na asubuhi nikajenga tezi iliyopishana na mwenzake kwa milimita 18. Niliikata yote.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi. Saga rangi na jelkoti (ganda laini la nje la faibaglasi), kisha saga ukingo wa bodi ya zamani uwe mteremko wa kumi na mbili kwa moja, yaani ukuta wa milimita 6 upate mteremko wa milimita 72. Ukisaga vizuri utaona tabaka za nyuzi zikijitokeza moja baada ya nyingine, kama pete za shina lililokatwa mshazari. Ukiona doa jeupe au tabaka lililoachana, endelea kusaga mpaka ufike palipo pazima. Vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi.

Hatua ya nne, funga fito ndefu zilizonyooka kwenye bodi, zianzie mita mbili mbele ya kiungo na zipite hadi mwisho wa nyongeza. Chini yake weka mataruma, yaani mbavu, ya muda ya plaiwudi. Chuchumaa, ufumbe jicho moja, uangalie kando ya ufito kama wafanyavyo mafundi wa majahazi: nundu ambayo rula haikuiona, jicho litaiona. Sehemu ya chini iendelee na mwelekeo uleule wa bodi; ukiikunja ishuke ghafla, boti ikikimbia itainua tezi na kuinamisha omo, yaani mbele.

Baada ya hapo panga vipande vya povu gumu lisilonyonya maji, ulaze kitambaa cha nyuzi zilizoshonwa mshazari kwa epoksi (gundi inayoganda ikichanganywa na kigumushi) nje na ndani, kipande kidogo kwanza na kikubwa juu yake, vyote vikipanda kwenye mteremko. Kibao cha zamani kiache mahali pake, kwani ni ukuta wa kuzuia maji, na chumba kipya kipate mfuniko wa kukikagua.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, boti yangu ni ya poliesta, ile gundi ya kawaida ya faibaglasi. Kwa nini nisitumie poliesta hiyohiyo, ambayo ni rahisi?
Jibu: Kwa sababu poliesta mpya hushika vibaya juu ya ile iliyokwisha kukauka, na kiungo hiki kinategemea gundi peke yake. Epoksi hushika vizuri zaidi. Ila usiitumie na mkeka wa nyuzi fupi wa kawaida, maana gamu yake hutengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Na kwa joto la pwani, chagua kigumushi cha polepole na umimine mchanganyiko kwenye sinia pana. Ukiuacha ndooni utachemka na kufuka moshi.

Swali: Tabaka la jana linateleza kama lina mafuta. Nilifute kwa asetoni?
Jibu: Hapana. Utelezi huo huyeyuka kwa maji. Sugua kwa maji safi, kausha, ndipo upige msasa.

Swali: Usukani nao nausogeza nyuma?
Jibu: Uache ulipo. Ukiwa chini ya bodi badala ya ukingoni, hauvuti hewa kirahisi.

Swali: Shikamoo fundi. Je, naweza kuweka betri katika chumba kipya?
Jibu: Marahaba. Rudi kwenye zile kilo 52. Betri mbili kubwa za risasi zinaweza kuzimaliza zote, tena mwishoni kabisa mwa boti, mahali ambapo uzito huifanya ipige mbizi na kuinuka kila wimbi linapopita. Badala yake weka humo kamba na maboya, na umwarifu bima na msajili kwamba urefu umebadilika.