Somo: Vifaa vya pool vya kununua kabla ya ligi kuanza

Kila msimu unapokaribia huulizwa swali lile lile, "Ninunue nini?", nami nimekuwa nikimjibu mtu mmoja mmoja hadi nimechoka. Safari hii ninaandika mara moja, kwa ajili ya wachezaji wa ligi wa Dar es Salaam wenye fedha kidogo na hamu kubwa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Fimbo. Nunua yako, ya vipande viwili. Ibiringishe juu ya meza; ncha ikinyanyuka na kushuka, irudishe. Tazama kwanza mipira ya ligi yako: kwa ile midogo ya milimita 51, ncha ya milimita 9 hivi inafaa, kwa ile ya Kimarekani ya milimita 57, tafuta ya milimita 12 au 13.

2. Chaki. Iwe yako, mfukoni mwako, na uipake kwa kupangusa, si kwa kukoroga.

3. Ngozi ya ncha, yaani kile kipande kidogo cha mwisho wa fimbo kinachogonga mpira. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika. Msimu mmoja ngozi yangu ilibanduka mchana wa siku ya mechi, nikabandika nyingine upesi juu ya mabaki ya gundi kavu, nikamwaga gundi ya haraka mpaka ikachuruzika kwenye kipete cheupe, ile pete inayoshikilia ngozi, kisha nikaikwangua kwa msasa pamoja na mti wenyewe. Usiku, ukiwa umebaki mpira mweusi peke yake, nilipiga, na ngozi ikaruka ikaangukia kitambaani kama punje ya hindi. Mpira mweupe ulikwenda kombo, ukatumbukia, tukapoteza mechi. Hadi leo kidole changu hukihisi kibonde nilichokichimba, kila fimbo inapopita.

Fanya hivi: kwangua mabaki yote kwa wembe hadi uso wa kipete uwe tambarare, kwaruza kidogo upande wa chini wa ngozi ili gundi ishike, uzungushie mti utepe wa karatasi, weka tone moja tu, simamisha fimbo, ncha chini, juu ya kitu kigumu, uibane, kisha uiache hadi kesho. Ndipo uchonge ngozi ifuate mviringo wa sarafu. Onyo: usibandike siku ya mechi, na msasa usiguse mti kamwe.

4. Mfuko mgumu. Ndani ya daladala ya jioni, mfuko laini haulindi kitu. Usiiache fimbo ndani ya gari lililoanikwa juani.

5. Glovu, ikiwa mikono yako hutoka jasho.

Fimbo ya pili ya kuvunjia mipira iache dukani kwanza. Fedha hiyo inunue ngozi nzuri.

MASWALI

Mchezaji wa Mbagala: Mkuu, fimbo nzuri ni ipi, na ni bei gani?

Jibu: Soma hatua ya 1. Bei kaulize dukani.

Kijana wa Tabata: Fundi viatu wetu ana ngozi ya soli. Si ni ile ile?

Jibu: Si ile ile. Ngozi ya ncha hubanwa kwa ajili ya kugonga mpira. Ya soli itatanuka na kumwagika pembeni.

Kijana wa Tabata: Mbona wewe mwenyewe umekiri kwamba uliharibu?

Jibu: Ndiyo sababu ninakukataza.

Dada wa Sinza: Nimelisoma somo mara mbili, ahsante. Jioni zenye joto fimbo hunikwama vidoleni hata nikiwa nimenawa, na mwenzangu hutumia poda ya mtoto. Je, tatizo ni mkono au ni fimbo?

Jibu: Ni vyote viwili, dada, na umeuliza vizuri. Jasho na vumbi la chaki huganda kwenye mti. Chaki hii si ya shuleni: tangu hataza, yaani hati ya uvumbuzi, ya Marekani ya mwaka 1897 imekuwa ikitengenezwa kwa silika na unga mgumu, ndiyo maana ukiisaga vidoleni huhisi ukwaru. Futa mti kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sana, ukaushe papo hapo, kisha uusugue kwa kitambaa kikavu hadi upate joto. Poda ikikutana na jasho hugeuka uji, na uji huo huishia kwenye meza ya watu.

Mwenye meza, Keko: Hapo kwenye poda umenitetea. Nami naomba chaki iwekwe ukingoni uso wa rangi ukiwa juu. Wengi huifunika, nguo zao na meza yangu zikachafuka.

Jibu: Hilo nilisahau kuliandika, ahsante. Kabla ya mechi, kwa ruhusa ya mwamuzi, mpira mweupe nao ufutwe, kwa kuwa chaki iliyoganda juu yake huufanya umnate mwenzake na kumpeleka pembeni ya shimo.

Dada wa Sinza: Kwa kitambaa hicho hicho cha fimbo?

Jibu: Hapana, dada. Beba viwili, na cha mpira kiwe kikavu.