Ndege wa rangi katika misitu ya Pwani: namna ya kuwaona ukitokea Mombasa

Ndege mwenye rangi kali hapatikani msituni kwa kutafuta rangi. Anayeingia hifadhi ya Shimba Hills, huko Kwale, macho yakisaka wekundu hurudi Likoni na picha za majani. Tafuta kwanza mahali, kisha sauti, kisha umbo. Rangi itakuja mwisho, na pengine kwa sekunde mbili tu.

Chukua chozi, yule kijindege anayefyonza maua. Mng'ao wake si rangi iliyopakwa, ni mwanga unaovunjwa na maumbile ya unyoya. Jua likiwa nyuma yake, utaona kijindege cheusi kama mkaa. Zunguka mpaka jua liwe mgongoni mwako, na yuleyule atageuka kijani na zambarau. Shorobo wa Fischer, yule wa kijani mwenye kishungi chekundu, ana mambo mengine: wekundu wa mabawa yake ni rangi ya kweli, yenye madini ya shaba ndani yake, ila akikunja mabawa hauonekani. Hukimbia juu ya matawi kama kindi, na wekundu hufunguka anaporuka tu. Kwa hiyo simama mbali kidogo na mkuyu wenye matunda yaliyoiva, mahali ambapo unaona pengo kati ya mti huo na wa pili, umsubiri avuke.

Darubini inayofaa msituni ni 8x42. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate zaidi ya 5: huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Zile ndogo za 10x25 hukupa 2.5 tu, na alfajiri chini ya miti ni giza tupu. Tena ukuzaji wa 10 hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo. Kabla ya kutoka nyumbani, funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lisome bango la mbali bila ukungu. Kisha funga la kushoto, urekebishe kwa kipete cha upande wa kulia, usikiguse tena. Hapa kwetu adui wa darubini ni kuvu na chumvi. Ihifadhi ndani ya kopo la plastiki linalofunga barabara, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usifute lenzi ikiwa kavu, maana chembe za chumvi zitaichora. Puliza kwanza, halafu tumia kitambaa laini chenye unyevu.

Shimba Hills iko kama kilomita 33 kutoka mjini, kupitia Likoni, Kombani na Kwale. Vuka feri mapema ili saa kumi na mbili asubuhi uwe langoni. Ada lipa kabla kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, usitegemee noti mfukoni. Humo ndani unahitaji gari, na hushuki ovyo: kuna ndovu na nyati. Ukitaka kutembea, omba askari wa hifadhi akusindikize. Nenda moja kwa moja msitu wa Makadara (wa huko, si mtaa wetu wa Mombasa) ukamtafute umangu mwenye kichwa cha kijani, ndege wa manjano anayekaa juu kabisa kwenye vilele na kuita kama filimbi. Asubuhi nyingi ukungu hulala juu ya vilima na ndege hunyamaza. Usiondoke. Ukungu ukiinuka tu, wataanza. Usivae buluu wala nyeusi, maana mbung'o wa Shimba huzifuata rangi hizo. Kaki au kijani kilichochujuka ndiyo salama, na soksi zivutwe juu ya suruali kwa sababu ya kupe.

Arabuko-Sokoke, kaskazini kwenye njia ya Malindi, ndiko kwenye utajiri zaidi, na huko ni lazima usome udongo. Msitu ni takriban kilomita za mraba 420, lakini si msitu mmoja. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna miti ya mirihi iliyoachana, na mwanga hupita. Magharibi udongo ni mwekundu na miti ni mifupi iliyosongamana. Bundi mdogo wa Sokoke anaishi kwenye huo mwekundu. Chozi wa Amani yuko juu kwenye mirihi, na mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hupatikana kaunti ya Kilifi pekee, huipitia mirihi hiyohiyo. Mtu akikaa saa tatu nzima kwenye udongo mwekundu akimngoja chozi wa Amani, kosa ni la ramani wala si la bahati. Chukua mwongozo wa hapo msituni. Anajua bundi kalala kichaka gani, na njia zinafanana mno kwa mgeni.

Kwenye mirihi utatembea nusu saa bila kusikia kitu, halafu miti yote ichangamke ghafla. Ndege wa aina nyingi hapa huzunguka pamoja, na kundi hupita kwa dakika chache. Wasikilize wale weusi wenye midomo myekundu, wanaogonganisha midomo wakienda kwa kikundi. Walipo wao, wengine wako karibu. Egemea shina, shingo isikuchoke, na uangalie juu bila kuwakimbilia.

Trogoni wa Narina ndiye anayewatesa wengi. Tumbo lake ni jekundu la kukoza, lakini hukugeuzia mgongo wa kijani na kutulia. Sauti yake ni nzito, ya chini, mbilimbili, rahisi kuidhania ya njiwa. Ukiisikia, kagua matawi yaliyolala ya urefu wa kati, ukitafuta mkia mrefu unaoning'inia wima. Akigeuza kichwa, umempata.

Majira nayo yana wageni wake. Kaskazi huleta ndege wa kaskazini, wakiwemo keremkerem wekundu wanaolala kwenye mikoko ya hori ya Mida, jirani na msitu huo. Kusi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, huleta pita wa Afrika, na magofu ya Gede ni mahali pazuri pa kumvizia. Huyu huchakura majani makavu chini. Ukimfuata, hurukaruka mbele yako mpaka apotee. Kaa chini dakika ishirini, atarudi mwenyewe.

Usicheze sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Dume huacha kula na kulinda kiota ili apambane na spika, na wakichezewa kila wiki wanaweza kuhama pale.

Andika ulichoona kabla ya kufungua kitabu: mkubwa kuliko shore au mdogo kuliko njiwa, umbo la mdomo, urefu aliokaa, udongo ulio chini yake. Kama hukuuona mdomo, andika hivyo. Ukifungua kitabu kwanza, utaanza kukumbuka alama ambazo ndege hakuwa nazo.