Kubadilisha krosi ya propela hatua kwa hatua, ili gari isirudi gereji na mtetemo ule ule

Wakuu habari za mihangaiko. Naandika hii kwa mafundi wadogo na kwa wenye magari ya kazi huku kwetu Dodoma, Canter, Hiace, Hilux, Land Cruiser mkonga, maana tatizo la propela linakuja gereji kila siku na asilimia kubwa ya waliokuja walishabadilishiwa krosi mahali pengine. Krosi mpya, pesa imelipwa, mtetemo uko pale pale. Kutoa krosi na kuweka nyingine hiyo ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni kuirudisha propela ikae kwenye mstari wake, na hapo ndo watu wengi wanaruka.

Kwa asiyejua, propela ndo ile shafti ndefu inayotoa mzunguko giaboksi kupeleka difu, ile inayozungusha matairi, na krosi, wengine mnaita yunivesal joint, ni kile chuma cha msalaba chenye vikombe vinne vya beringi za sindano kinachoruhusu shafti ijikunje wakati difu inapanda na kushuka kwenye mashimo. Wazo lenyewe ni la karne nyingi, Robert Hooke wa Uingereza alishaliandikia miaka ya 1670, lakini kwenye magari aliyelifanya likawa la kawaida ni Mmarekani Clarence Spicer aliyepata hataza yake 1903, kabla ya hapo magari mengi yalikuwa yanavutwa na cheni.

Hatua ya 1: sikiliza kabla hujalala chini

Muulize dereva mtetemo unakuja lini, usikubali akuambie "fundi inagonga tu". Ukitia gia au ukigeuza kutoka mbele kwenda rivasi ikagonga "ka!" mara moja, hapo kuna uwazi, yani nafasi ya kucheza, aidha krosi imeisha, aidha meno ya slipu (pale propela inapoteleza kuingia na kutoka ili irefuke na kufupika), aidha bolti za flenji (sahani ya kufungia propela) zimelegea. Ukiwa mwendo mdogo unasikia inalia kwi-kwi-kwi na inaongezeka kadri gari inavyokimbia, krosi imekauka grisi. Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu na mzigo mgongoni alafu ikatulia, angalia senta beringi (beringi ya katikati inayoshika propela ya vipande viwili) na pembe. Ikianza kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa na kuendelea, tafuta balansi, yani uzito wa propela hauko sawa pande zote.

Sasa kujua kama ni propela au injini, kimbiza mpaka mtetemo uje alafu tia nyutro gari iserereke. Injini imeshuka raundi, kama mtetemo umebaki vile vile basi unatoka kwenye vitu vinavyozunguka na matairi. Na kutofautisha tairi na propela ni rahisi pia, kwenye Land Cruiser yenye difu ya 4.1, yani propela inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, ukiwa 80 kwa saa tairi linazunguka kama mara 550 kwa dakika lakini propela iko kwenye 2,250 hivi, kwahiyo mtetemo wa tairi ni mzito unaodunda kwenye usukani na siti, wa propela ni wa haraka haraka unaovuma kwenye sakafu.

Hatua ya 2: osha, weka vizuizi, angalia

Osha propela kwanza, nasema kweli. Gari ikitoka Bahi kipindi cha mvua lile tope linaganda upande mmoja wa bomba, likikauka linakuwa uzito kabisa na gari inatetemeka wakati krosi ni nzima.

Alafu hili wa Canter msilisahau: Canter nyingi za zamani hendibreki yake haiko kwenye matairi, ni ngoma iko nyuma ya giaboksi na inakamata propela. Maana yake ukifungua propela huna tena hendibreki, gari inaondoka. Weka mawe au magogo matairi yote mawili ya nyuma, mbele na nyuma ya tairi, ndo uingie chini. Na jeki peke yake sio kitu cha kulalia chini yake, tumia stendi.

Ukiwa chini shika propela mkono mmoja, flenji mkono mwingine, zungusha kinyume kinyume, alafu sukuma juu chini. Uwazi wowote kwenye krosi ni wa kubadilisha, hamna cha "bado inavumilia". Tazama kwenye midomo ya vikombe, ukiona unga mwekundu wa kutu pale ujue maji yameshaingia na sindano zimeshakuwa vumbi. Angalia bomba kama limebonyea, na kama kuna alama ya weldingi mahali palipokuwa na kibati cha balansi na kibati hakipo, hapo krosi mpya haitakusaidia, propela lazima iende kwenye mashine ya balansi.

Hatua ya 3: piga alama

Hii ni dakika mbili na ndo inayookoa kazi nzima. Piga alama kwa senta panchi au rangi kwenye flenji ya difu na yoki yake (ile uma yenye masikio mawili inayoshika krosi), kwenye upande wa giaboksi, na kwenye slipu, pale meno ya kike na ya kiume yanapokutana. Chaki na maka peni vinafutika na oili, usitumie. Propela ilibalansiwa kiwandani ikiwa imeunganishwa hivo hivo, ukigeuza nusu mzunguko umeshaivuruga.

Hatua ya 4: shusha propela na toa krosi

Fungua bolti, lakini kabla haijaachia ifunge na waya kwenye chasisi isining'inie, ikining'inia inaumiza krosi ya upande wa pili na raba ya senta beringi. Vikombe vilivyo wazi vizungushie selotepu visidondoke. Kwenye Hiace na nyingine ambazo slipu inaingia moja kwa moja kwenye giaboksi, oili itamwagika ukichomoa, kwahiyo nyanyua nyuma au andaa kitu cha kuziba.

Toa saklipu (pete za kuzuia vikombe visitoke) zote nne, safisha yale mashimo na brashi ya waya, alafu tumia vaisi na boksi spana mbili, ndogo inasukuma kikombe, kubwa upande wa pili inapokea. Naomba sana mafundi wenzangu tuache kupiga yoki na nyundo kubwa na tuache kuchoma na gesi. Masikio ya yoki yakifunguka hata kidogo vikombe havikai tena kwenye mstari mmoja, na chuma kilichochomwa kinapoteza ugumu wake. Krosi utakayoweka hapo itakufa mapema utasema spea ni mbovu.

Krosi iliyokufa usiitupe kabla hujaisoma. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote, maana inakuambia gari inaishije. Futa na tambara lenye dizeli, pitisha kucha kwenye ile mikono minne. Ukikuta mistari imechimbika sambamba, kila mstari upana wa sindano, hapo kuna mambo mawili, aidha gari inabebeshwa kupita uwezo, aidha propela imenyooka mno, yani pembe ni karibu na sifuri. Sindano zinataka zitembee kidogo kila mzunguko ili zibebe grisi, zikisimama sehemu moja zinachimba hapo hapo. Mkono ukiwa wa bluu au mweusi ni joto, ilizunguka bila grisi. Kutu nyekundu ni maji, gari imevuka korongo na haikupigwa grisi baadae. Na ukikuta mikono miwili inayotazamana imeisha na mingine miwili inang'aa kama mpya, grisi ilikuwa haifiki, njia ya ndani imeziba au kikombe kilikaa vibaya.

Hatua ya 5: chagua krosi mpya

Nenda dukani na ya zamani pamoja na venia, kile kipimo cha milimita. Pima kipenyo cha kikombe, pima urefu kutoka kikombe hadi kikombe, angalia saklipu inakaa ndani au nje. "Hii ni ya Hilux" haitoshi, Hilux ziko za aina nyingi.

Hapa ndo maboresho ya miaka ya karibuni yanakuhusu. Krosi za zamani zimetobolewa katikati kupitisha grisi na zina nipo, kile kichuchu cha kupigia grisi. Mpya nyingi zinakuja bila nipo, zimejazwa grisi kiwandani, msalaba wake haujatobolewa kwahiyo una nguvu zaidi kwa saizi ile ile, na sili zake zina midomo miwili hadi mitatu badala ya mmoja, na chini ya kikombe kuna washa ya plastiki ili chuma kisisage chuma. Ni maendeleo ya kweli. Lakini kwa gari inayoshinda kwenye vumbi la mashambani Kongwa alafu Januari inalala kwenye matope, mimi kama mwenye gari ana pampu ya grisi na anaitumia, nampa ya nipo, kwasababu kila ukipiga grisi unasukuma uchafu na maji nje. Gari ya ofisi inayokimbia lami Dodoma hadi Morogoro na hakuna anayewahi kuingia chini yake, nampa ya kufungwa.

Na kuhusu slipu, propela nyingi za sasa meno yake yamepakwa plastiki ya nailoni ili yateleze hata ikiwa na mzigo. Usiyapige msasa wala brashi ya waya ukidhani ni rangi, ukiitoa umeleta uwazi mwenyewe.

Hatua ya 6: funga krosi

Usafi. Mchanga kidogo tu wa Kizota ukiingia kwenye kikombe kazi imeisha. Paka grisi ya lithiamu EP namba 2 ndani ya kikombe ili sindano zisimame ukutani, hesabu zote zipo, ingiza msalaba kwenye kikombe cha kwanza kikiwa bado nusu, alafu leta cha pili ukiwa unauchezesha msalaba ndani. Kikianza kukaza ghafla simama, kuna sindano imelala chini, toa uanze upya. Nipo itazame upande wa bomba na ikae mahali pampu inafika.

Saklipu zinauzwa unene tofauti, chagua za unene sawa pande mbili. Kwenye Toyota uwazi wa krosi kwenda kushoto kulia unatakiwa uwe chini ya milimita 0.05, yani kwa mkono usisikie kitu. Ukimaliza gonga masikio ya yoki taratibu na nyundo ya shaba ili vikombe virudi vikae kwenye saklipu. Krosi nzuri inajikunja kwa vidole ikiwa na ukinzani mdogo ulio sawa pande zote.

Hatua ya 7: fezi (yoki za ncha mbili kukaa usawa mmoja) na pembe

Krosi ikikunjwa haizungushi sawasawa. Giaboksi ikitoa raundi 2,000 zilizotulia na krosi imekunjwa nyuzi 10, upande wa pili unapanda hadi 2,031 na kushuka hadi 1,970, mara mbili kila mzunguko. Kwenye nyuzi 30 inakuwa kati ya 1,732 na 2,309. Kinachotuokoa ni krosi ya pili, inafanya kinyume chake na kufuta ule mchezo, ila kwa masharti mawili, yoki za ncha mbili za bomba zikae usawa mmoja, na pembe ya upande wa giaboksi na ya upande wa difu zilingane. Ukikosea jino moja tu kwenye slipu unapata mtetemo ambao hautapona kwa spea yoyote. Zipo propela chache ambazo kiwanda chenyewe kimezipanga tofauti, ndo maana nimesisitiza alama.

Pembe unapima na simu, programu ya kupima mlalo iko bure. Weka kwenye flenji ya giaboksi, kwenye bomba, kwenye flenji ya difu, toa hesabu. Pembe mbili zisipishane zaidi ya nyuzi 1, kila moja isiwe chini ya nusu, na kwa gari ya mwendo kasi isipite 3. Canter zetu za kubeba mahindi Kibaigwa watu wanaongeza mabamba ya springi, difu inabadilika pembe, hakuna anayegusa propela. Dawa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli kurudisha difu kwenye pembe yake.

La chasisi za kurefushwa nalo ni hatari kweli. Bomba refu lina mwendo ambao likifika linaanza kupinda lenyewe, na mwendo huo unashuka haraka mno urefu ukiongezeka. Propela ya mita 1 ukiifanya mita 1.5 kwa bomba lile lile, kikomo chake kinabaki asilimia 44 tu. Usiunge kipande ukachomelea. Weka vipande viwili na senta beringi, au bomba nene zaidi, alafu ibalansiwe. Magari ya kisasa wanatumia bomba la alumini au la kaboni kwasababu ni jepesi na linavumilia urefu, ila hayo weldingi ya mtaani usiyasogelee.

Hatua ya 8: kaza, jaribu, piga grisi

Linganisha alama, kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu cha gari hiyo, nati za kujifunga weka mpya. Jaribu bila mzigo kwanza, panda mwendo taratibu hadi 80, alafu na mzigo. Baada ya safari ya kwanza ndefu rudi ukague bolti.

Grisi piga mpaka mpya itoke kwenye sili zote nne. Ikitoka tatu, zungusha propela, sukuma juu kidogo kupunguza uzito kwenye upande uliogoma, piga tena. Wakati wa kiangazi fuata kilomita za kitabu ila wahisha kwa vumbi letu, na masika gari ikivuka maji piga siku hiyo hiyo jioni, usisubiri kesho kutu ianze.