Somo: Namna ya kupata nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya sayansi na mazingira ukiwa bado shahada ya kwanza

Wadau, kila ikifika mwezi wa nne napokea swali lile lile: "Mkuu, nafasi za mwezi wa sita ziko wapi?" Naona hata haya kulijibu, maana nyingi zilitangazwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na dirisha likafungwa kabla mwezi wa pili haujaisha. Ndiyo maana somo hili naliweka mapema. Nimeligawa kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani uzito. Ya tatu ndiyo yenye nyama.

HATUA YA 1: Hesabu kurudi nyuma

Programu nyingi kubwa hufuata majira ya joto ya nchi za kaskazini, yaani Juni hadi Agosti. Rudi nyuma miezi sita hadi minane, hapo ndipo kazi yako inapoanza. Chora jedwali lenye safu tano: jina la nafasi, nani anaruhusiwa kuomba, tarehe ya mwisho, saa ya wapi, na barua ngapi za wadhamini (wahadhiri wanaokupendekeza) zinatakiwa.

Safu ya "saa ya wapi" imo kwa sababu iliwahi kunitoa jasho. Nafasi moja ilikuwa inafungwa saa 23:59, nami nikaketi kujaza fomu saa mbili usiku nikijiona nina muda wa kutosha. Kumbe wenzetu walikuwa mbele yetu kwa saa sita, kwao ilishakuwa saa nane ya usiku, siku nyingine kabisa. Fomu ilikuwa imefungwa na barua za wadhamini wawili zikaenda bure. Sikuwa na wa kumlaumu, tangazo lilisema wazi.

Mdhamini mpe wiki tatu, na umpe ukurasa mmoja unaomkumbusha ulisoma naye somo gani na ulifanya nini. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hakumbuki sura yako, usimwonee.

HATUA YA 2: Jua unagonga mlango upi

Wengi wanasema "nataka mambo ya mazingira" halafu wanaishia hapo. Mazingira ni pori, ni maabara, ni kompyuta, ni ofisi ya sera. Anayefurahia kupanga wadudu chini ya hadubini siye anayefurahia kuandika muhtasari wa mkutano wa tabianchi. Chagua angalau viwili kati ya hivyo vinne kabla hujaanza kutafuta.

Milango ya wazi, yenye fomu na tarehe, inajulikana. Marekani kuna REU, programu ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza iliyoanza 1987 chini ya NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, ambapo kila kituo huchukua kundi dogo la wanafunzi kwa takriban wiki kumi. Ila soma masharti kwanza: posho ya REU ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Nimeona watu wakipoteza mwezi mzima kujaza fomu za programu isiyowahusu. CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imekuwa ikipokea wanafunzi wa majira ya joto tangu 1962. Inachukua wa fizikia, uhandisi na kompyuta, na inataka uwe umeshamaliza miaka mitatu ya masomo. IAESTE, iliyoanzishwa 1948, inabadilishana wanafunzi wa fani za ufundi na sayansi kupitia kamati za nchi, kwa hiyo huombi moja kwa moja kwa mwajiri, unapitia kamati ya nchi yako. OIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa uraia mbalimbali na kuwapa posho. Taasisi ya Smithsonian ya utafiti wa tropiki iko Panama, na kwa mwenye kupenda misitu na miamba ya matumbawe hapo ni mahali pa kuanzia.

Wanaoota Umoja wa Mataifa wakumbuke mambo mawili. Kwa mafunzo ya Sekretarieti, yakiwemo ya UNEP (shirika lake la mazingira), lazima uwe mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza au juu zaidi, au uwe umehitimu ndani ya mwaka mmoja. Na hayalipwi. Nauli, chumba na chakula ni juu yako.

Kisha kuna milango isiyo na kibao: mamlaka za maji, makumbusho ya viumbe, bustani za mimea, idara za hali ya hewa, kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira, na maabara za wahadhiri. Huku hakuna tangazo. Huku kuna mtu, na mtu anaandikiwa barua.

HATUA YA 3: Mtafute mtu kwanza, nafasi itafuata

Chukua makala moja ya kitafiti kuhusu jambo unalolipenda kweli. Usianze na muhtasari wake. Nenda mwisho kabisa, kwenye aya ya shukrani ambayo watu wengi huiruka. Pale mwandishi anawashukuru waliobeba vifaa, waliopanga sampuli, waliopima maji, na anataja mfuko uliotoa fedha. Ukiona wanafunzi wanashukuriwa, umeshajua kwamba maabara ile inawapa wanafunzi kazi. Ukiona mfuko umetajwa na makala ni ya hivi karibuni, huenda fedha bado zipo. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi darasani.

Halafu panda juu kwenye sehemu ya mbinu. Hiyo inakuambia siku zao zinapita vipi: wanatumia R (programu ya takwimu) au wanahesabu kwa mkono, wanalala porini au wanashinda maabara. Mwisho tazama mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayepokea barua kuhusu makala, anwani yake ipo kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa barua. Hii ndiyo ninayotumiwa mara nyingi niikague:

"Ndugu Mhusika, mimi ni mwanafunzi mchapakazi na mwenye ari. Naomba nafasi yoyote katika taasisi yenu tukufu ili nipate uzoefu."

Barua hiyo ingeweza kutumwa kiwandani, benki au msibani. Linganisha na hii:

"Dkt., nimesoma makala yenu ya vidudu wa chini ya mto. Mmeandika kwamba sampuli zilipangwa hadi ngazi ya familia. Mwaka jana kwenye somo la ekolojia nilipanga sampuli 40 kwa hadubini, na nilikwama zaidi kwa mabuu madogo yaliyovunjika miguu. Ninyi mnayahesabu au mnayatupa? Nina wiki nane kuanzia mwanzoni mwa Julai. Je, kuna kazi ya kupanga sampuli ambayo mwanafunzi anaweza kusaidia? Wasifu wa ukurasa mmoja nimeuambatanisha."

Angalia swali la mabuu yaliyovunjika. Linaulizwa na mtu aliyewahi kukaa mbele ya hadubini macho yakamuuma, na mtafiti analitambua mara moja. Angalia pia kwamba barua inataja muda kamili na kazi kamili, kwa hiyo anayejibu hana mzigo wa kukubunia shughuli. Usiibebe kama ilivyo, jamani. Ikiwa hujawahi kupanga sampuli usiseme umepanga, utaulizwa siku ya kwanza.

Tuma kwa mtu mmoja mmoja. Kuandikia wahadhiri thelathini kwa barua pepe moja huku wote wanaonana majina ni kujichimbia. Asipojibu kwa siku kumi, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili. Akinyamaza tena, songa mbele.

HATUA YA 4: Tengeneza ushahidi mdogo

"Sina uzoefu" ni tatizo la wiki kumi tu. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na tangu 2008 ni bure kwa yeyote. QGIS ya kuchora ramani ni bure, R ni bure. iNaturalist inapokea picha zako za mimea na wadudu, eBird inapokea orodha zako za ndege, na data hizo watafiti wanazitumia kweli.

Mimi napendekeza kisahani cha Secchi. Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Kitaliano, alishusha visahani baharini mwaka 1865 kupima uangavu wa maji, na mpaka leo wazo lake linatumika ziwani: kisahani cha sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe zikipishana, kizito kidogo, kimefungwa kamba yenye alama. Unakishusha upande wa kivuli, unasoma kina kinapopotea, unakivuta, unasoma kinapoonekana tena. Daftari linasomeka hivi:

"Ijumaa, saa 5:10 asubuhi. Kimepotea sm 84, kimerudi sm 78. Wastani 81. Mvua kubwa jana usiku. Upepo kidogo."

Mistari kumi ya namna hiyo, wiki kumi, sehemu ile ile, na grafu moja. Ukiweka mvua kando ya kina utaona uangavu unaporomoka baada ya mvua kubwa kisha unarudi taratibu, na utakuwa na jambo la kuzungumza kwenye usaili badala ya "mimi ni mchapakazi".

HATUA YA 5: Uliza kabla ya kusema ndiyo

Nani atanisimamia kila siku, si kwenye karatasi? Posho ipo? Bima ya ajali porini ni ya nani? Data nitakazokusanya naweza kuzitumia kwenye tasnifu yangu? Wanaokutoza fedha ili wakuweke mahali, uliza unanunua nini hasa. Kozi ya kulipia ni halali, lakini iitwe kozi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipepeo_mweusi: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi GPA yangu imelegea, niache tu?

Jibu: Usiache, badilisha mlango. Programu zenye fomu na maombi mengi huchuja kwa alama kwa sababu lazima zianze kuchuja mahali fulani. Mtafiti mwenye friji iliyojaa sampuli anachuja kwa kuuliza nani atakuja Jumatatu. Hatua ya 3 na ya 4 ni zako. Na kama alama zilishuka muhula mmoja kwa sababu inayoelezeka, mwombe mdhamini aitaje yeye, ina uzito zaidi kuliko ukijitetea mwenyewe.

Mwaka_wa_kwanza: Mimi ndiyo kwanza naingia chuo. Si mapema mno?

Jibu: Kwa CERN na Umoja wa Mataifa, ndiyo, ni mapema. Kwa maabara ya idara yako, hapana. Mwombe mhadhiri au fundi wa maabara saa mbili kwa wiki. Fundi wa maabara, narudia. Yeye ndiye anayejua nani anahitaji msaidizi na mashine ipi imeharibika, na hakuna anayemwandikia.

Tope_na_jiwe: Mimi nilipata nafasi, nikawekwa kuosha chupa wiki mbili. Hii nayo ni sayansi?

Jibu: Inategemea ulikuwa unaoshea nini. Kama mnapima fosfeti ya mtoni, baadhi ya sabuni zina fosfeti ndani yake. Chupa iliyosuuzwa kivivu itakupa mto mchafu ambao haupo. Ndiyo maana chupa hizo huoshwa kwa sabuni isiyo na fosfeti, zikalowekwa kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, zikasuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Muulize msimamizi akuonyeshe matokeo ya chupa tupu, ile inayojazwa maji safi na kupimwa kama sampuli. Ikisoma karibu na sifuri, ni kazi yako. Ila wiki ya tatu ikifika na bado hujashika kipimo, omba kikao. Sema unataka kufuata sampuli moja tangu mtoni hadi kwenye jedwali. Ni vigumu mtu kukunyima hilo.

Samaki_nchanga: Kama hawalipi, niende?

Jibu: Mimi sipendi kazi za bure, nikwambie wazi. Zinawapa nafasi wenye wazazi wa kuwalipia. Lakini kama huna kingine, omba iwe fupi au ya siku mbili kwa wiki, ibaki nafasi ya kutafuta riziki. Na kabla ya kukubali uliza chuoni kama kuna mfuko wa kusaidia wanafunzi wa nafasi zisizolipwa. Vyuo vingine vinao na hautangazwi.

Kipepeo_mweusi: Swali la mwisho mkuu. Barua naweza kuandikiwa na akili mnemba?

Jibu: Ikusahihishe sarufi, sawa. Ikikuandikia yote itasema wewe ni mwenye ari, na swali la mabuu yaliyovunjika miguu haitaliweka, maana haijui ulikwama wapi. Andika yako kwanza hata kama ina makosa, nitumie hapa niipitie. Ila msinitumie zaidi ya tano kwa siku, nami nina sampuli za kupanga.